Ukwapi na Utao: Mahali pa Neno katika Ukurasa wa Wavuti

Aila moja ya Tanga, iliyonifahamu kwa ujirani wa siku nyingi, ilinikabidhi daftari tatu za mashairi ya marehemu mzee wao, nami nikaombwa niyaweke katika ukurasa wa wavuti ili binti yake aliyeko Maskati na mjukuu wake aliyeko Toronto wayasome bila ya kungojea msafiri wa kuwachukulia nakala. Niliikubali kazi ile kwa moyo mwepesi, kwa sababu nilidhani kwamba mtu aliyezoea kupiga chapa, na tena akajua kidogo lugha za kurasa, hawezi kushindwa na beti mia mbili. Na laiti ningalijua kwamba ugumu haukuwa katika maneno bali katika nafasi iliyokuwa baina ya maneno, ningaliomba muda mrefu zaidi kuliko wiki mbili nilizoahidi.

Marehemu alikuwa mtu wa tartibu. Kila mshororo wake ulikuwa na mizani kumi na sita, nane za ukwapi, kipande cha mwanzo, na nane za utao, kipande cha pili, na baina ya vipande viwili hivyo aliacha uwazi ulionyooka kama uchochoro wa mji wa kale, hata vina vya kati vikawa vimejipanga wima, kimoja chini ya kingine, mfano wa nguzo za msikiti. Wapiga chapa wa magazeti, ambao karatasi kwao ni ghali, aghalabu hutosheka na koma. Yeye hakutosheka nayo. Msomaji wa daftari zile alisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, jicho likienda upande kufuata maana na likishuka chini kufuata kina, na kwa hivyo uwazi ule haukuwa pambo la ukurasa: ulikuwa sehemu ya shairi, na atakayeupoteza amelipoteza shairi lenyewe hata kama hakuacha silabi moja.

Kosa langu la kwanza lilitokana na ustadi wa kazi nyingine. Nilikaa miaka mingi katika chumba cha kupigia chapa, ambako mahali pa herufi hupimwa kwa rula ya chuma na pakishapimwa hapabadiliki hata karatasi ichakae. Basi nikaupima utao wa kila mshororo pikseli 320 kutoka ukingo wa kushoto, na kila mshororo nikaushusha pikseli 28 chini ya ule ulioutangulia, nikaziandika tarakimu hizo moja baada ya moja kwa subira ya mtu anayetunga shanga, na jioni nilipokitazama kioo cha kompyuta yangu niliona beti zimesimama sawasawa na mkono wa marehemu. Nikajisifu. Siku ya pili yake mjukuu wa Toronto akaniletea picha ya simu yake: ukwapi ulikuwapo wote, lakini utao ulikuwa umetumbukia nje ya ukingo, umebakiza herufi mbili tatu za mwanzo, kwa kuwa kioo chote cha simu ile kilikuwa na upana wa pikseli 360 na mimi nilikwisha kuzitumia 320. Usiku ule ule binti wa marehemu, mama mtu mzima ambaye macho yake humlazimu kuzikuza herufi karibu mara mbili, akaniletea ujumbe wa sauti. Kwake utao haukutoweka; ukwapi ulinenepa ukaupanda juu. Akasema kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Mwanangu, baba alikuwa hapandishi maneno juu ya maneno."

Ili ifahamike nilikosea wapi, yapasa kueleza kwamba ukurasa wa wavuti hutungwa kwa lugha mbili zinazosaidiana. Ya kwanza, HTML, hutaja kila kitu ni nini: hiki kichwa, hii aya, huu ubeti. Ya pili, ambayo mafundi huiita CSS na mimi nitaiita laha za mitindo, hutaja kila kitu kionekaneje: rangi yake, ukubwa wa herufi zake, nafasi inayokizunguka, na mahali pake. Kati ya mambo hayo yote la mwisho ndilo lililowasumbua watu kuliko mengine, kwa sababu rangi ni sifa ya kitu peke yake, ilhali mahali ni habari ya kitu pamoja na jirani zake; nyekundu hubaki nyekundu hata kitu kiwe pweke, lakini hakuna kushoto pasipo kitu kingine cha kuwa kushoto kwacho.

Historia ya jambo hili ni fupi kwa miaka na ndefu kwa ugomvi. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN huko Geneva, maabara ile ile ambamo Tim Berners-Lee alikuwa ameubuni wavuti miaka michache kabla, alitoa pendekezo la laha za mitindo, siku tatu tu kabla ya kampuni ya Netscape kukitangaza kivinjari chake. Na Bert Bos, Mholanzi aliyekuwa akiunda kivinjari kingine kiitwacho Argo, akaungana naye. Katika pendekezo lile la awali mna jambo ambalo ningependa kila mtengeneza kurasa alijue. Lie aliruhusu kila amri ya sura iandikiwe asilimia ya nguvu yake, hata mwandishi wa ukurasa aweze kutaka kichwa chake kiwe na ukubwa fulani kwa asilimia kadha, na msomaji naye, akiwa na laha yake mwenyewe, atake vingine kwa asilimia iliyobaki. Asilimia hizo hazikuishi, lakini dhamiri iliyozizaa imebaki hata leo katika jina lenyewe la CSS, ambalo herufi yake ya kwanza yasimama badala ya neno la maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi: amri za kivinjari, za msomaji na za mwandishi hushuka pamoja kutoka ngazi hadi ngazi, na sura ya ukurasa ni pale maji yote yanapotulia. Mpiga chapa hana mshirika wa namna hii. Karatasi yake haimjibu.

Toleo la kwanza lililoidhinishwa na jumuiya ya W3C tarehe 17 Desemba 1996 lilizungumza juu ya rangi, herufi, na nafasi za pembeni, na kitu kimoja cha kukieleza, "float", yaani kuelea, kilichokusudiwa kuiweka picha kando ya aya na kuyaacha maneno yaizunguke kama maji yazungukavyo jiwe. Lakini juu ya kukiambia kitu kikae mahali fulani kwa hakika halikusema neno. Watu hawakungoja. Walikuwa na majedwali, yaliyotungwa kwa ajili ya hesabu na orodha, wakayafanya kuta za nyumba: chumba cha kushoto kwa viunganishi, cha kati kwa habari, cha kulia kwa matangazo, na ndani ya vyumba hivyo majedwali mengine madogo, na penye pengo lisilotaka kusimama wakatia picha isiyo na rangi yenye ukubwa wa pikseli moja na kuivuta mpaka ikaziba. Nimewahi kuzifungua kurasa za zama hizo na kuhesabu majedwali sita, moja tumboni mwa jingine. Sizicheki, maana zilisimama. Lakini mtu asiyeona, anayesomewa ukurasa na mashine, alikuwa akisomewa kuta badala ya habari.

Mwaka 1997 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, Netscape na Microsoft, zilikuwa kila moja na njia yake ya kuweka vitu mahali. Netscape katika kivinjari chake cha toleo la nne ilileta alama mpya ya HTML iitwayo "layer", tabaka, iliyoweza kuwekwa popote juu ya ukurasa. Na mwaka huo huo mafundi wa pande zote mbili walitia majina yao katika rasimu moja ya kuweka vitu mahali kwa njia ya laha za mitindo. Rasimu ile ilimezwa na toleo la pili la CSS, lililoidhinishwa tarehe 12 Mei 1998, na alama ya Netscape ikafa bila ya maombolezo. Naam, kuidhinishwa ni jambo moja na kutekelezwa ni jingine: Internet Explorer 6, kivinjari cha 2001 kilichotawala dunia kwa miaka, hakikuijua mojawapo ya namna za kuweka vitu mahali zilizoidhinishwa, na mafundi waliishi kwa hila mpaka hila zikawa elimu.

Sasa nitazieleza namna zenyewe, na kwa kuwa neno la amri ni "position", nitazitaja kwa majina yanayoandikwa, kisha kwa mfano ulio karibu nasi.

Kivinjari kisipoamriwa lolote huvipanga vitu jinsi waumini wajipangavyo katika safu za sala: wanaokuja mwanzo husimama mbele, wanaofuata husimama nyuma yao, bega kwa bega pasipo pengo, na hakuna anayeuliza amesimama hatua ngapi kutoka mlangoni. Aya hukaa chini ya aya, neno hukaa kando ya neno, na mstari ukijaa huvunjika wenyewe. Huu ndio mtiririko wa kawaida, na hali ya kukaa ndani yake huitwa "static". Watu wengi huipita hali hii kana kwamba ni kutokufanya kitu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini ndiyo hali pekee ambayo kioo kikipungua au herufi zikikua, kila kitu humpisha mwenziwe kwa hiari.

Mtu akiwa katika safu akainama mbele kuokota tasbihi, mwili wake umesogea, lakini nafasi yake bado ni yake, wala jirani haiingii. Hiyo ndiyo "relative": kitu huonekana kimesogea kutoka mahali pake, na mahali pake hubaki pamehifadhiwa. Lakini mtu akitoka safuni kwa udhuru, walio kando husogea wakaziba pengo, na safu husahau kwamba alikuwapo. Hiyo ndiyo "absolute". Kitu kilichoamriwa hivyo hutoka katika mtiririko kabisa. Wenzake hawakioni, hawakipishi, wala hawakikwepi, na ndiyo maana kikifika mahali penye mtu mwingine humkalia. Utao wangu mia nane, kwa beti mia mbili zenye mishororo minne minne, wote ulikuwa umetoka safuni. Ulikuwa haujui kwamba kuna ukwapi.

Aliyetoka safuni yuko wapi basi? Hapa pana fundo ambalo wanafunzi wangu wote wamejikwaa nalo, nami niliwatangulia. Nilipoandika pikseli 320 kutoka kushoto, nilidhani kushoto ni kushoto. Kumbe amri ile huuliza, kushoto kwa nani? Kivinjari hupanda ngazi ya nasaba, kutoka kwa kitu kwenda kwa mzazi wake, kwa babu, kwa babu wa babu, kikimtafuta wa kwanza ambaye naye amepewa amri ya mahali isiyokuwa ile ya kawaida, na akipatikana huyo ndiye kipimo. Asipopatikana, kipimo huwa ni kisanduku cha mwanzo cha ukurasa mzima. Ni kama barua ya zamani iliyoandikwa anwani "nyumba ya tatu baada ya mwembe": anwani ni sahihi, mradi kila mtu ana mwembe mmoja. Ndipo ilipozuka desturi ya mafundi ya kumpa mzazi "relative" bila ya kumsogeza hata kidogo, kwa kusudi moja tu la kumfanya mwembe wa watoto wake. Anayeiona mara ya kwanza huidhania amri isiyo na kazi, akaifuta, na watoto wote hukimbilia kona ya juu ya ukurasa kama kuku waliosikia mwewe.

Nilipozifuta tarakimu zangu zote niligundua kwamba "absolute" ilikuwa na kazi moja ya halali katika shairi lile. Marehemu alizihesabu beti zake, na tarakimu ya kila ubeti aliiandika nje ya ubeti, katika pambizo, kwa wino hafifu. Tarakimu ile kwa kweli haimo safuni: si mzani, si kina, na msomaji wa sauti haitamki. Basi nikaufanya ubeti kuwa mwembe, na tarakimu nikaitoa katika mtiririko, nikaipeleka nje ya ukingo wa ubeti kwa umbali uliopimwa si kwa pikseli bali kwa ukubwa wa herufi yenyewe, hata mama wa Maskati akizikuza herufi zake, pambizo nayo hukua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza juu ya kila kitu ninachotaka kukitoa safuni: je, ukurasa ungesomeka sawasawa kama kitu hiki kisingekuwapo? Ikiwa jibu ni hapana, hukirudisha.

Namna ya nne, "fixed", hukifunga kitu kwenye kioo chenyewe, ukurasa ukapita chini yake kama mto upitavyo chini ya daraja. Sina mengi ya kuisifu. Wenye matangazo wameipenda kupita kiasi, na katika simu ndogo nimeona kurasa ambazo theluthi ya kioo imeshikwa na vitu visivyotaka kuondoka, kila kimoja na alama ya kukifungia isiyozidi punje ya mtama.

Ya tano, "sticky", ilichelewa kuja, vivinjari vikiipokea kimoja baada ya kingine katika muongo wa pili wa karne hii, nayo ina adabu ambayo ile ya nne haina. Kitu hukaa safuni mpaka msomaji anaposhuka na kitu hicho kufikia ukingo wa juu. Hapo hujishika, kikabaki kinaonekana, lakini hakivuki mpaka wa mzazi wake, na mzazi akiisha nacho huondoka pamoja naye. Shairi moja la marehemu lina beti hamsini na mbili, na msomaji aliyefika ubeti wa thelathini katika simu husahau anasoma shairi gani. Nikakipa kichwa cha kila shairi amri hii, kikawa kinamsindikiza msomaji mpaka ubeti wa mwisho wa shairi lake, kisha kikampisha kichwa cha shairi linalofuata bila ya kusukumana.

Ila siku niliyoitia amri ile niliona kioja: beti zilizokuwa zikipanda juu badala ya kupita nyuma ya kichwa zilipita mbele yake, zikaandikana nacho. Sababu ilikuwa ni ile miembe yangu. Vitu vilivyopewa amri za mahali huchorwa juu ya vile visivyopewa, na viwili vyote vikiwa vimepewa, cha baadaye huchorwa juu ya cha kwanza. Kichwa kilitangulia, beti zikafuata, basi beti zikawa juu. Dawa yake ni tarakimu iitwayo "z-index", ambayo hutaja daraja ya kitu katika kina, kuelekea usoni mwa msomaji. Moja ilitosha. Mimi, kwa ghadhabu, niliandika 9999, kama waandikavyo mafundi wa dunia nzima, na wapo waandikao 2147483647, ambayo ndiyo kubwa kabisa inayoingia katika hesabu ya aina inayotumiwa na vivinjari. Kisha mwezi uliofuata nilifanya sehemu yote ya mashairi ing'ae kidogo kidogo kwa kuipunguzia uzito wa rangi, na kichwa changu cha 9999 kikafunikwa na orodha ya chaguo yenye daraja ya 2 tu. Nililaumu kivinjari kwa siku nzima. Kumbe kitu kinachopunguziwa uzito wa rangi, hata kwa sehemu moja ya mia, huwafungia watoto wake katika nyumba moja, na daraja zao huhesabiwa ndani ya nyumba hiyo peke yake: mkubwa wa nyumba ya chini hawi juu ya mdogo wa nyumba ya juu, ajiongezee tarakimu apendavyo.

Lakini ukwapi na utao, ambao ndio ulionileta katika taabu yote hii, haukuponywa na namna yoyote kati ya hizo tano. Kwa miaka mingi mtu mwenye haja ya kuweka vitu viwili sambamba alitumia "float", ile iliyotungwa kwa picha kando ya aya, akaipindisha mpaka ikabeba kurasa nzima, kama mtumbwi wa uvuvi unaobebeshwa mizigo ya jahazi. Ulifika, lakini kila mtu alikuwa akichota maji. Na hali dawa ilikwisha kufikiriwa zamani: mwaka 1996 Bos na wenziwe waliandika pendekezo la kuugawa ukurasa katika vyumba kwa njia ya laha za mitindo. Halikupokewa. Wazo lilirudi kwa sura nyingine, kampuni ya Microsoft ikaweka namna yake ya gridi katika Internet Explorer 10 mwaka 2012, na baada ya miaka ya kurekebishwa, mwezi Machi 2017, Firefox, Chrome na Safari, vyote katika mwezi mmoja, vikaipokea gridi tuliyonayo. Mambo ya wavuti hayaendi hivyo kwa kawaida.

Gridi haisemi kitu kiko pikseli ngapi kutoka wapi. Husema: ubeti huu una safu wima mbili, ya kwanza ni pana kiasi cha ukwapi mrefu kuliko wote, ya pili ni pana kiasi cha utao mrefu kuliko wote, na baina yake pana uchochoro wa upana wa herufi kadha. Kivinjari ndicho kipimacho, kila mara upya, kwa herufi za msomaji aliyepo. Vitu vyenyewe vimo safuni bado, vinajuana, vinapishana, wala hakuna anayempanda mwenziwe asipoamriwa. Nikaongeza sharti moja: kioo kikiwa chembamba kuliko upana wa herufi thelathini na sita, safu wima iwe moja, utao ushuke chini ya ukwapi wake na kuingia ndani kidogo, ili jicho lijue kwamba huu ni mshororo ule ule unaendelea wala si mpya. Amri zilizohitajiwa hazikuzidi kumi. Mia nane za mwanzo zilikwenda na maji.

Mtu atauliza kama shairi lililoshuka hivyo bado ni shairi la marehemu, iwapo nguzo za vina vya kati zimeondoka. Nami niliuliza, nikampelekea mama wa Maskati namna zote mbili. Akasema kwamba baba yake alipokuwa na kipande kidogo cha karatasi, nyuma ya risiti au pambizoni mwa gazeti, aliandika vivyo hivyo, utao chini na mbele kidogo. Sikulijua hilo. Lilikuwa katika daftari ya tatu, kurasa za mwisho, na mimi nilikuwa nimelidhania haraka ya uzee.

Ikabaki daftari ya kwanza, iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika wengi wa rika lake kabla ya kuzoea herufi za Kirumi. Humo ukwapi uko kulia na utao kushoto, na mstari huanza upande ambao mwingine humalizikia. Niliogopa kwamba yanipasa kuandika laha nyingine. Nikaujulisha ubeti kwa neno moja la HTML kwamba maandiko yake yanatoka kulia, na gridi ikajigeuza yenyewe: safu ya kwanza ikahamia kulia, ya pili kushoto, uchochoro ukabaki katikati. Tarakimu za beti peke yake zilikataa kuhama. Zilibaki kushoto, mkiani mwa mshororo, kwa kuwa nilikuwa nimeziamuru zikae "left", na kushoto kwa mashine ni kushoto tu, hata kwa maandiko ambayo kushoto ni mwisho. Laha za mitindo sasa zina maneno yasiyotaja kushoto wala kulia bali mwanzo wa mstari na mwisho wake, na nilipolibadili neno lile, tarakimu zote za daftari ile zilivuka ukurasa kwa pamoja zikasimama upande wa kulia, mahali marehemu alipoziandika.

Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya siku chache mama akaniletea ujumbe: "Mwanangu, ubeti wa kumi na saba hauna utao wa mwisho. Umeuruka?" Nikaifungua daftari. Ukwapi ulikuwapo, kwa wino ule ule hafifu, na mbele yake uchochoro, na mbele ya uchochoro karatasi tupu. Marehemu alikitafuta kina asikipate, au alikipata asiridhike nacho, akageuza ukurasa. Nikakiacha chumba kile cha gridi kitupu, na kwa kuwa katika simu chumba kitupu husinyaa kisionekane, nikakipa kimo cha mstari mmoja.